Saa Saba Mchana, Mbele ya Wasikilizaji Wasiomjua

Dakika kumi kabla ya saa saba mchana, mpiga selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi, alikuwa kwenye ngazi ya mawe nyuma ya kanisa, ala yake ameiegemeza begani, akivipulizia pumzi ya moto vidole vya mkono wa kushoto ili visikakamae kwa baridi. Mpiga piano mwenzake alisimama karibu na mlango, akizipitia nota kwa macho tu huku midomo ikimchezacheza. Nilikuwa pamoja nao kwa sababu ya kazi ndogo ambayo nimeifanya kwa kujitolea kwa miaka kadhaa, nayo ni kukaa kushoto kwa mpiga piano na kumgeuzia kurasa wakati mikono yake yote miwili ina shughuli. Msimamizi akaja kutuarifu kwamba watu bado wanaingia, na kwamba ingefaa tusubiri dakika tano. Mpiga selo aliinua kichwa, akamtazama mwenzake, akasema, "Basi, tusirudie." Mpiga piano akatoa penseli mfukoni, akaikata kwa mstari alama ya marudio katika sehemu ya kwanza ya sonata ya Beethoven, yaani utunzi wa ala moja au mbili wenye sehemu kadhaa, kisha akanionyesha mstari huo ili nisije nikarudisha kurasa nyuma wakati wao wanakwenda mbele.

Asiyeyazoea matumbuizo ya mchana anaweza kuiona habari hiyo kuwa ndogo mno, lakini kwangu imebeba karibu kila kitu ninachotaka kukieleza hapa. Marudio yale yangechukua kiasi cha dakika tatu, na dakika tatu hizo hazikuwapo, kwa kuwa watu waliokuwa wakitafuta viti upande wa pili wa mlango walikuwa wamejipatia saa moja tu kati ya kazi za asubuhi na kazi za alasiri, na mwisho wa saa hiyo hausogezwi na mtu yeyote. Vijana wawili waliojizoeza kuyapiga marudio hayo kwa wiki nyingi waliamua kuyaacha ndani ya sekunde chache, bila kulalamika, wakaingia na kupiga kana kwamba Beethoven mwenyewe aliandika hivyo. Uamuzi wa namna hiyo haupatikani darasani. Mwanamuziki huupata pale ambapo kuna watu wanaomsubiri na saa inayokwenda.

Nimetumia neno tumbuizo makusudi. Wengine husema onyesho, wengine tamasha, wala sina ugomvi nao, ila onyesho hunipeleka zaidi kwenye macho, na tamasha hunipeleka kwenye umati na shamrashamra. Kutumbuiza ni kumliwaza mtu kwa sauti ukiwa karibu naye, na neno lenyewe ni la kale katika ushairi wetu. Waingereza walilipata neno lao, recital, mwaka 1840, wakati mpiga piano Franz Liszt alipotangaza jijini London kwamba angepiga piano peke yake. Walichukua neno la kukariri mashairi wakalitia kwenye muziki, na wapo waliouliza kwa mshangao jinsi mtu anavyoweza kukariri kwa piano. Naona sisi hatuna haja ya kuazima, kwa sababu neno tunalo.

Tumbuizo la mchana huchukua dakika 40 hadi 60, halina mapumziko katikati, na aghalabu halina kiingilio, au huwa na mchango wa hiari unaotiwa kwenye kapu mlangoni. Hufanyika kanisani, kwenye jumba la sanaa, maktabani, au katika ukumbi uleule wa muziki ambao usiku hujaa watu waliokata tiketi za bei kubwa. Wapigaji huwa mmoja, wawili, au kikundi cha watu wanne au watano, na mara nyingi ni vijana waliomaliza chuo cha muziki miaka michache iliyopita. Si wanafunzi tena. Wasikilizaji wengi hukosea hapo, hata wale wenye mapenzi mema, kwa kwenda kuwasikiliza kwa sikio la huruma, kama mzazi anayehudhuria sherehe ya shule. Kijana anayesimama na fidla yake saa saba mchana huenda alianza kuishika akiwa na umri wa miaka mitano au sita, na tangu hapo hajapitisha siku nyingi bila kuigusa. Anachokosa si ufundi bali ni jina.

Watu hudhani kwamba ugumu wa kazi hii uko utotoni, pale mtoto anapobaki ndani na mizani ya nota wakati wenzake wako nje wanacheza. Ugumu huo ni wa kweli, lakini una wasaidizi wengi. Usiosemwa sana ni ugumu wa mwaka wa kwanza baada ya mahafali. Chuoni kulikuwa na chumba cha mazoezi, piano iliyolinganishwa sauti, mwalimu wa kila wiki, msindikizaji aliyelipwa na chuo, na ukumbi mdogo ambamo wenzake walikuja kumsikiliza hata siku wasiyotaka. Akishakabidhiwa cheti, yote hayo hufungwa nyuma yake kwa mkupuo mmoja. Anaanza kutafuta chumba ambacho majirani hawatamgongea ukuta, anafundisha watoto jioni ili apate kodi ya nyumba, analipia ukodishaji wa ala ambayo asingeweza kuinunua kwa mshahara wa miaka mingi, na asubuhi anaandika barua kwa wenye kumbi. Wenye kumbi humjibu kwa adabu kwamba wanamtafuta mtu mwenye jina, ilhali jina lenyewe hupatikana kwenye kumbi zao. Mashindano husaidia kidogo, lakini mshindi huwa mmoja, na hata yeye mwaka unaofuata hupisha mshindi mpya. Nimewaona waliokwama katika mduara huo mpaka wakaifunga ala kwenye mkoba wake wakatafuta kazi nyingine, na hawakuwa wavivu wala hawakupungukiwa kipaji.

Jambo jingine ambalo nimelishuhudia kutoka kiti cha mgeuza kurasa, ambako hakuna kinachofichika, ni kwamba utunzi unaopigwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza si uleule uliopigwa chumbani. Upinde uliokuwa umetulia kabisa juzi huanza kutetemeka kwenye sauti ndefu za polepole. Mguu wa kulia huikandamiza pedali kuliko ulivyokusudia, na sauti zikavurugana chini ya dari refu la kanisa. Mpigaji husikia mapigo ya moyo wake mwenyewe na kuyafuata, ndiyo maana matumbuizo ya kwanza karibu yote huenda mbio. Hakuna mwalimu anayeweza kuliondoa jambo hilo kwa maneno. Dawa yake ni kuupiga utunzi uleule mara nyingi mbele ya watu wasio mwalimu wala mama, watu ambao hawana sababu ya kumpenda mpaka yeye mwenyewe awape sababu hiyo.

Nilimsikia kijana mmoja akiipiga sonata ya piano ya Beethoven iitwayo Opus 110 mara tatu ndani ya miezi michache, katika kumbi tatu tofauti, zote saa ya mchana. Katika sehemu ya mwisho ya sonata hiyo, iliyotungwa mwaka 1821, wimbo wa huzuni hurudi ukikatikakatika kama mtu anayekosa pumzi, kisha kordi moja ya G meja, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, hupigwa tena na tena, mara kumi, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka fyuga, yaani ule mchezo wa sauti zinazofukuzana, inarudi ikiwa imepinduliwa juu chini. Mara ya kwanza kijana yule alizipita kordi zile kwa haraka, kama mtu anayevuka daraja asiloliamini. Mara ya pili alizipiga zote kwa nguvu, kwa hiyo hazikuwa na pa kwenda. Mara ya tatu alianza chini sana, kiasi kwamba mtu aliyekaa mbele yangu alisogea kwenye ukingo wa kiti chake, na sauti ikapanda hatua kwa hatua hadi ukumbi mzima ukawa umejaa sauti ya kengele moja kubwa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Niliwahi kumuuliza baadaye, akasema kwamba ile mara ya pili alisikia watu wakitulia kabla ya wakati, akajua amewanyang'anya kitu. Wasikilizaji wa mchana walikuwa wamemfundisha pasipo kusema neno.

Kwa tumbuizo la usiku, mafunzo ya namna hiyo ni ghali mno. Ukumbi hukodishwa, tiketi huuzwa, wahakiki hualikwa, na kijana anayekosea kordi kumi mbele yao huenda asiitwe tena. Saa ya mchana inamruhusu kukosea bila kuangamia, lakini haimruhusu kuwa mvivu, kwa kuwa watu wake wanaweza kuinuka na kurudi kazini wakati wowote wakiona wanapotezewa muda. Nimewaona wakiinuka. Mwanamuziki huona pia, nami nimeona mgongo wa mpiga piano ukinyooka ghafla kwa sababu ya kiti kimoja kilicholia nyuma ya ukumbi.

Matumbuizo ya mchana yalikuwapo tangu zamani, hasa ya kinanda kikubwa cha kanisani, lakini yaliyoipa saa hiyo heshima yake ni yale ya jumba la sanaa la National Gallery jijini London, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vita vilipotangazwa Septemba 1939, kumbi za muziki na sinema zilifungwa, na hata zilipoanza kufunguliwa tena, jiji lilikuwa gizani usiku kwa amri, taa zote zikifichwa dhidi ya ndege za adui. Picha za jumba lile zilikuwa zimehamishiwa Wales kwa usalama, kuta zikabaki tupu. Mpiga piano Myra Hess, ambaye wakati huo alikuwa na jina kubwa tayari, alimwendea mkurugenzi wa jumba, Kenneth Clark, akamwomba ruhusa ya kufanya matumbuizo ya mara kwa mara mchana. Clark alimjibu kwamba ni afadhali yawe ya kila siku.

La kwanza lilifanyika tarehe 10 Oktoba 1939, naye Hess alilipiga mwenyewe. Alikuwa akihofu kwamba wangekuja marafiki zake arobaini au hamsini tu, lakini waliofika walikaribia 1,000, wakakaa sakafuni palipokosa viti. Kiingilio kilikuwa shilingi moja. Kuanzia hapo muziki ulipigwa Jumatatu hadi Ijumaa, na mabomu yalipoanza kuangushwa mwaka 1940 wasikilizaji walishuka kwenye vyumba vya chini ya ardhi, wakaendelea. Mpaka yalipofikia mwisho mwezi Aprili 1946, yalikuwa yamefanyika matumbuizo 1,698, na waliohudhuria walikuwa zaidi ya watu 800,000. Muziki wa Bach, Beethoven na Brahms, Wajerumani wote watatu, ulipigwa humo wiki baada ya wiki wakati mabomu ya Ujerumani yakianguka, na Hess hakukubali kamwe kwamba Beethoven alikuwa upande wa adui.

Jambo ninaloliheshimu zaidi katika habari hiyo ni la malipo, na nasikitika kwamba mara nyingi hutajwa kwa kupita. Wanamuziki waliopiga pale walilipwa ujira uleule, mwenye jina na asiye na jina, naye Hess mwenyewe hakuchukua kitu. Kijana aliyetoka chuoni juzi alipokea kiasi kilekile alichopokea mtu aliyejaza kumbi za dunia, kwa sababu dakika zao zilikuwa sawa na wasikilizaji wao walikuwa walewale. Nadhani hakuna sheria bora zaidi iliyowahi kutungwa kwa saa ya mchana, nami najiuliza kwa nini imesahauliwa na wengi wanaojivunia kuurithi mfano wake.

Mfano huo umesambaa. Mjini Chicago, tangu mwaka 1977, kumekuwa na matumbuizo ya kila Jumatano saa sita na robo mchana yenye jina la Myra Hess, ambayo kwa miaka mingi yalifanyika katika jengo la zamani la maktaba kuu, chini ya kuba pana la vioo vya rangi, yakirushwa moja kwa moja redioni. Nafasi yake ya mbele hupewa wanamuziki wanaochipukia. Amsterdam ina Concertgebouw, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1888 na unaosifiwa kwa sauti yake nzuri kuliko karibu kumbi zote za dunia, ambao hufungua milango yake Jumatano mchana kwa nusu saa ya muziki wa bure. Berlin ilianza mwaka 2007 kuwaalika watu kwenye sebule ya Philharmonie, ukumbi wa okestra yake, nao hukaa popote, hata juu ya ngazi, wakiwasikiliza wanafunzi wa ngazi ya juu na vijana wanaofunzwa pamoja na okestra ya mji huo. Na Wigmore Hall ya London, iliyofunguliwa mwaka 1901, ina tumbuizo la Jumatatu saa saba linalorushwa na redio ya BBC, ambapo vijana walioteuliwa na redio hiyo, kwa mpango ulioanza mwaka 1999, hupiga katika mfululizo uleule na magwiji.

Sasa nirudi kwenye dakika zenyewe, kwa sababu hapo ndipo kijana huonyesha kama amekuwa mwanamuziki au bado ni mpigaji hodari tu. Saa moja ya mchana hutoa muziki wa dakika 45 au 46 hivi, ukiondoa kuingia, makofi, kulinganisha nyuzi, na maneno machache kwa wasikilizaji. Wengi, wakiona nafasi finyu kama hiyo, huijaza kwa kila kitu kigumu wanachokijua, kipande baada ya kipande cha kasi na kelele, wakitarajia kwamba mtu fulani muhimu yuko ukumbini. Naielewa hofu yao, lakini masikio ya watu waliotoka kwenye simu na mikutano yamechoka kelele kabla hayajafika. Kijana mwenye busara huyaonea imani masikio hayo. Huyatengea njia ya kuingilia.

Wale wawili niliowataja mwanzoni walikuwa wamechagua vitu vitatu tu. Walianza na sonata ya Beethoven ya selo na piano, Opus 69, ya mwaka 1808, ambayo pamoja na marudio yake huchukua kiasi cha dakika 26. Katikati waliweka vipande vitatu vifupi vya mtunzi Mfaransa Nadia Boulanger vya mwaka 1914, visivyozidi dakika nane, kisha wakamalizia na sonata ya Debussy, Mfaransa pia, ya mwaka 1915, yenye dakika 12 hivi. Ukiangalia miaka, utaona kwamba vipande viwili vya mwisho vimeachana kwa mwaka mmoja tu, na katikati ya miaka hiyo miwili Ufaransa iliingia vitani. Sikuhitaji kuambiwa hivyo ili nisikie kwamba mkono wa mtunzi wa pili ulikuwa umekuwa mkali zaidi. Lakini kilichonivutia zaidi ni ule mwanzo. Sonata ya Beethoven huanza na selo peke yake, bila piano, bila msindikizaji wa aina yoyote, sauti moja nzito inayotembea bila haraka. Mpiga piano anakaa mikono juu ya mapaja, na mgeuza kurasa anakaa kama yeye. Nilikisikia kile kinachotokea ukumbini wakati huo: makoti yanaacha kukwaruza, kikohozi kinamezwa, mlango unafungwa taratibu na mtu aliyechelewa, na watu mia moja wanaanza kupumua kwa mwendo mmoja. Piano ilipoingia, kazi ya kuwatoa barabarani ilikuwa imekwisha kufanyika.

Wapo wanaochukua njia iliyo kinyume na hiyo, ya kuweka utunzi mmoja mkubwa na basi. Sonata ya mwisho ya Schubert ya piano, ya mwaka 1828, hujaza dakika 40 peke yake. Ni uchaguzi wa ujasiri, kwa kuwa hakuna pa kukimbilia ukikosea, na mimi huwapenda vijana wanaouthubutu, ilimradi wameishi na utunzi huo kwa muda wa kutosha. Napenda pia, pengine zaidi, pale wanapoweka katikati ya vitu vinavyojulikana kipande cha dakika sita cha mtunzi aliye hai, wa rika lao, aliyekaa safu ya tatu akiuma kucha. Kipande hicho kisingepata nafasi usiku. Mchana kinapigwa, watu wanakipa dakika sita kwa moyo mweupe, na mtunzi anarudi nyumbani akijua ni mstari gani ulisikika na upi ulizama.

Kuhusu kupiga makofi kati ya sehemu moja na nyingine, jambo ambalo huwatia hofu wageni hata wakaona afadhali wasije, nasema tu kwamba Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris mwaka 1778 akifurahia kwamba watu walishangilia katikati kabisa ya sehemu ya simfonia yake. Ukimya wa lazima umekuja baadaye sana. Saa ya mchana imejaa watu wanaokuja kwa mara ya kwanza, wakipiga makofi mahali ambapo wazoefu hawapigi, na sijawahi kumwona mwanamuziki kijana aliyekasirika kwa hilo. Hutabasamu, huinamisha kichwa kidogo, na huendelea.

Lakini lipo jambo linalonikasirisha, nami sitalipita. Niliwahi kuitwa kugeuza kurasa mahali ambapo sitapataja, katika tumbuizo la fidla na piano. Wale vijana wawili walikuwa wamesafiri kwa treni tangu alfajiri kwa nauli yao. Piano ilikuwa haijalinganishwa sauti kwa muda mrefu, na kibao kimoja karibu na katikati kilikuwa kikishuka bila kurudi juu, hivyo mpiga piano alilazimika kukiinua kwa ukucha wa kidole gumba kila alipokigusa, huku mkono wa pili ukiendelea kupiga. Alifanya hivyo dakika 50 nzima, nami nikiona jasho likimtiririka shingoni. Baada ya makofi walipewa shada la maua kila mmoja, wakaambiwa mbele ya watu kwamba nafasi ile itawasaidia kujulikana. Hakukuwa na bahasha, wala ya nauli. Mpiga fidla alishukuru kwa adabu, kisha akaniuliza pembeni kama ninajua treni ya bei nafuu huondoka saa ngapi.

Bure kwa msikilizaji isiwe bure kutoka kwa mwanamuziki. Mtu aliyeweka paa, viti na taa amelipia vyote hivyo, na hakuna anayemwambia fundi wa umeme kwamba kazi yake itamsaidia kujulikana. Kama hakuna kiingilio, basi mwandaaji atafute wafadhili, aliweke kapu mahali panapoonekana, na asimame mbele ya watu aseme wazi kwamba kitakachoingia humo ndicho kitakachowalipa waliowatumbuiza. Nimeona mahali ambapo maneno hayo yanasemwa kwa dakika moja, bila aibu, na kapu likajaa. Piano ilinganishwe asubuhi ya siku ileile. Na kama kuna vifaa vya kurekodi, mwanamuziki apewe rekodi yake, kwa sababu wenye kumbi za usiku wataitaka, na kijana hana uwezo wa kukodi studio. Hayo si mambo makubwa, na bila hayo saa ya mchana inakuwa njia nyingine tu ya kuwatumia vijana.

Sisi wasikilizaji nasi tuna deni letu. Tuwahi, tukae mbele badala ya kujificha nyuma ya nguzo, na tumkumbuke mtu tuliyemsikia, jina lake na alichopiga, ili atakaporudi mwaka ujao tuweze kusikia jinsi alivyokua. Kuna furaha ya pekee katika kumfuata mwanamuziki hivyo, nami nisingeibadilisha kwa tiketi ya usiku ya mtu aliyekwisha kukamilika.

Siku ile ya Opus 69 hatukurudisha kurasa. Tulipofika kwenye alama iliyokatwa kwa penseli, mpiga piano alitikisa kichwa kidogo, nikageuza kwenda mbele, na selo ikaingia sehemu ya kati kana kwamba haijawahi kuwa na njia nyingine. Vipande vya Boulanger vilipita kwa upole mpaka cha tatu kilipowaamsha watu. Katika sehemu ya pili ya Debussy, ambapo mpiga selo huuacha upinde na kuzidona nyuzi kwa vidole, nilimwona mtoto mmoja safu ya mbele akiiga kwa vidole vyake juu ya goti la mama yake. Sauti ya mwisho ilikatika saa nane kasoro dakika nne. Makofi yalikuwa marefu, na wengi walipiga huku wamekwisha kuvaa makoti.

Nyuma, kwenye ngazi ya mawe, hawakuzungumza kwanza. Mpiga selo alifuta nyuzi kwa kitambaa, akaulegeza upinde, akaiweka ala kwenye mkoba wake mgumu. Mpiga piano alikuwa bado ameshika nota. Aliniambia kwamba Alhamisi wangepiga mambo yaleyale mahali pengine, ambako wangepewa saa nzima na dakika kumi juu yake. Kisha akaketi, akafungua ukurasa ule wa Beethoven juu ya magoti, akatoa kifutio, akaanza kuufuta mstari wa penseli taratibu ili karatasi isichanike.